UZI: Nyuzi za pembe mwilini na kwenye tiba. Ulizeni namba yenu

Kiungo_Tiba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Chombo ninachokishika kuliko vyote ni goniometa, mikono miwili ya plastiki iliyounganishwa kwenye duara lenye alama za nyuzi. Mkono mmoja unalala sambamba na paja, mwingine sambamba na muundi, unasoma namba pale kwenye goti, unaiandika kwenye faili. Basi. Mgonjwa anaondoka bila kuijua, na ndugu anayemhudumia nyumbani naye haijui. Jambo hili linaniuma, kwa sababu namba ile ndiyo inayoonyesha kama mtu anapona au anarudi nyuma.

Chukueni goti. Kutembea mahali tambarare kunataka goti likunjike nyuzi 60 hadi 70 hivi. Kupanda ngazi kunadai zaidi ya 80. Kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono kunakaribia 100, na kuchuchumaa kunapita 120. Sasa mtu aliyevunjika paja, goti likakwama kwenye 70, atatembea vizuri kabisa kwenye korido ya hospitali na kila mtu atampongeza. Akifika nyumbani, ngazi zinamshinda, kiti kifupi kinamshinda, choo cha kuchuchumaa hakifikirii kabisa, na anaanza kujiona mvivu. Si uvivu. Kuna nyuzi 30 na zaidi ambazo hakuna aliyemwambia azitafute.

Upande wa kunyoosha ndio unaosahaulika zaidi. Goti lisilofika 0, likabaki limekunjika nyuzi 10 au 15, linailazimisha misuli ya mbele ya paja ifanye kazi muda wote mtu amesimama. Anachechemea na kuchoka mapema. Mara nyingi chanzo ni mto. Ndugu kwa huruma anaweka mto chini ya goti linalouma, mgonjwa anapata ahueni, wiki zinapita, goti linazoea hapo.

Kwa waliopata majeraha ya moto tuna kauli yetu: mkao unaompa mgonjwa nafuu ndio mkao atakaokakamaa nao. Aliyeungua shingo upande wa mbele atataka mto wa juu ili kidevu kishuke kifuani. Ukimwachia, kovu litavuta na kidevu kitabaki hapo. Aliyeungua upande wa ndani wa kiwiko atakikunja. Kwa hiyo tunakwenda kinyume na maumivu, kwa upole lakini bila kukubali: shingo inyooke, kiwiko kinyooke, wayo usimame nyuzi 90 na muundi. Mkono ndio wenye mpango wa peke yake. Kifundo chake kinainuliwa nyuzi 20 hadi 30 kwenda nyuma, vidole vinakunjwa 70 hadi 90 pale vinapoungana na kiganja, na vidole vyenyewe vinanyooshwa. Sababu ni kwamba kano zinazoshikilia viungo vile vya kwenye kiganja huwa zimevutika kwa urefu wake wote vinapokunjwa, hivyo hazipati nafasi ya kufupika mkono ukiwa ndani ya banzi.

Karibuni tuzungumze. Mwenye swali la pembe yoyote, ya mfupa, ya jicho, ya kitanda, alete.

MamaWaWawili

Asante sana kaka. Umenigusa penye kidonda. Binti yangu ana miaka 13, mgongo wake umepinda kwenda upande. Wamempiga picha, wakaandika nyuzi 22, wakasema turudi baada ya miezi sita. Hakupewa dawa wala mkanda. Nimebaki najiuliza kama nimepuuzwa.

Kiungo_Tiba

Dada, pole kwa wasiwasi. Hujapuuzwa, ila ulistahili kuelezwa.

Pembe hiyo inaitwa pembe ya Cobb, kwa jina la John Cobb, daktari wa mifupa wa Marekani aliyeieleza mwaka 1948. Kwenye picha unatafuta pingili ya juu iliyoinama kuliko zote kwenye mpindo, na ya chini iliyoinama kuliko zote. Unachora mstari juu ya ile ya kwanza na mwingine chini ya ile ya pili. Pembe ya mistari hiyo miwili ndiyo namba yako. Chini ya nyuzi 10 hauitwi ugonjwa. Kati ya 10 na 25 kwa mtoto anayekua, kazi kubwa ni kufuatilia. Kuanzia 25 hadi 40 au 45, kama bado anakua, ndipo mkanda mgumu wa kiwiliwili unapotajwa. Ukipita 45 au 50, mazungumzo ya upasuaji yanaanza.

Kwa hiyo binti wa nyuzi 22 yuko karibu na mlango lakini hajaingia. Miezi hii sita ina uzito kwa sababu bado anarefuka, na mpindo hukimbia wakati mwili unakimbia. Muulize daktari amebakiza kukua kiasi gani. Huwa wanatazama mifupa ya nyonga kwenye picha hiyo hiyo, na wanauliza kama ameshavunja ungo na lini. Swali hilo lina thamani sawa na nyuzi zenyewe.

Jambo jingine: kipimo hiki kina tofauti ya kama nyuzi 5 hata kikisomwa na mtu mmoja mara mbili. Ikija 24, usilie. Ikija 28, hapo ni kweli umesogea.

Na ikifika siku ya mkanda, usimkubalie auvue kwa sababu ya aibu ya shule. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013 uliwalinganisha watoto waliovaa mkanda na waliofuatiliwa tu. Waliovaa mkanda, asilimia 72 walimaliza kukua bila kufika nyuzi 50. Wasiovaa, asilimia 48. Na kadiri saa za kuvaa zilivyokuwa nyingi kwa siku, ndivyo matokeo yalivyokuwa mazuri. Kaa na binti, mweleze namba hizo yeye mwenyewe. Miaka 13 anaelewa.

Fundi_Eksirei

Naunga mkono hoja, na naongeza kwa dada hapo juu: picha ya pili ipigwe akiwa amesimama, kama ya kwanza. Akilazwa, uzito unaondoka kwenye mgongo na mpindo unapungua. Mtafurahia nyuzi ambazo hazijapona.

Kwenye kazi yangu pembe ni kila kitu. Mfupa uliovunjika hupigwa picha mbili zinazopishana kwa nyuzi 90, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Watu wanalalamika kwamba wanapigwa mara mbili bila sababu. Sababu ipo: vipande viwili vya mfupa vinaweza kuonekana vimekaa sawasawa ukivitazama kwa mbele, kumbe kimoja kiko nyuma ya kingine na havigusani. Picha moja haina uwezo wa kukwambia hivyo.

Altrasaundi ya mishipa ya damu nayo ina mtego wake. Mashine inapima kasi ya damu kwa jinsi mwangwi unavyobadilika, na hesabu inategemea pembe kati ya wimbi na mkondo wa damu. Wimbi likiangukia mshipa kwa nyuzi 90 kamili, mashine inaona kama damu haitembei kabisa hata kama inapita kwa nguvu. Ndiyo maana tunainamisha kifaa na tunajizuia tusipite nyuzi 60. Zaidi ya hapo, kosa dogo la pembe linageuka kosa kubwa la kasi, na mtu anaweza kuambiwa mshipa wa shingo umeziba wakati hali si hiyo.

NesiWaZamu

Nimesoma kwa makini, naomba niseme ya wodini.

Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia tunamwinua kichwa na kifua nyuzi 30 hadi 45. Akilala chali kabisa, majimaji ya tumboni na mate ya kooni yanapata njia ya kuingia mapafuni, na nimonia inaanza. Anayelishwa kwa mpira wa puani, hivyo hivyo, na asishushwe mara tu chakula kinapoisha.

Lakini hapa ndipo penye mgogoro ambao vitabu vinaupita haraka. Ukimwinua mtu zaidi ya 30 anaanza kuteleza kwenda chini. Ngozi inabaki imeshika shuka, mfupa wa juu ya makalio unasogea, nyama ya katikati inavutwa, na vimishipa vidogo vya damu vinabanwa. Kidonda cha kulalia kinaanzia ndani kabla hujaona kitu juu. Kwa hiyo mapafu yanataka juu, ngozi inataka chini. Ninachofanya mimi: nainua sehemu ya magoti kwanza, kisha kichwa, ili asiteleze. Namweka kwenye 30 kama hana mashine wala mpira. Na mwenye mashine namwacha juu lakini nakagua mgongo wa chini kila nikimgeuza.

Kumgeuza kwenyewe kuna pembe. Wengi wanamlaza mgonjwa ubavu kamili, nyuzi 90, na uzito wote unakaa kwenye mfupa wa nyonga. Ngozi pale ni nyembamba sana. Mlaze kwa kumwegemeza kwenye mto nyuma ya mgongo, nyuzi 30 tu, akae kwenye nyama ya kalio. Nimeona wazee waliohudumiwa nyumbani na mabinti zao kwa mtindo huu wakikaa miezi bila hata alama nyekundu. Wale mabinti wanastahili heshima.

Mama mjamzito anayepasuliwa kujifungua huinamishwa kushoto kama nyuzi 15 mpaka mtoto atoke. Tumbo likilalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha ya mama inaanguka na mtoto anakosa damu.

Mdadisi

Shikamoo nesi. Swali la haki kabisa: nyuzi 30 mnazipimaje? Mimi namuuguza baba mwenye kiharusi nyumbani, kitanda cha kawaida, mito tu. Nikiambiwa 30 nafanya nini?

NesiWaZamu

Marahaba. Umeuliza la maana, maana macho hudanganya. Watu wakikadiria kwa macho husema 30 penye 20.

Chukua karatasi uikate iwe mraba. Kona yake ni 90. Ikunje kona hiyo katikati, umepata 45. Ukiikunja kona katika sehemu tatu sawa, umepata 30. Isimamishe kando ya mgongo wake, kona ikiwa usawa wa nyonga, ulinganishe.

Njia nyingine ni ya kupima kwa futi. Pima urefu kutoka nyonga ya baba hadi juu ya bega. Bega likiinuka juu ya godoro kwa nusu ya urefu huo, ni nyuzi 30 kamili. Tuseme ni sentimita 50, basi bega liwe juu sentimita 25. Simu nyingi pia zina kipimo cha usawa ndani yake, ilaze kando ya kifua isome.

Ila usirundike mito chini ya kichwa peke yake. Hapo unakunja shingo na kubana koo, kifua kimebaki chini. Mito ianzie mgongoni. Na wakati wa kumlisha, mwinue karibu na 90, akae wima kabisa, kidevu kisielekee juu.

Mdadisi

Nimefanya hivyo muda huu kwa karatasi. Alikuwa kwenye kitu kama 15. Ahsante sana.

Kiungo_Tiba

Mkuu Mdadisi, kwa baba mwenye kiharusi angalia na wayo wa upande uliopooza. Blanketi zito likiukandamiza na hakuna anayeunyoosha, unaelekea chini, kano ya kisigino inafupika. Siku nguvu zikirudi, kisigino hakigusi sakafu. Usukume wayo taratibu mpaka ufike 90 na muundi, goti likiwa limenyooka, ushikilie, mara kadhaa kwa siku. Na asishikwe mkono ule wa upande dhaifu kwa kuvutwa anapoinuliwa. Misuli ya bega lake haina nguvu ya kulishikilia.

Ndugu_Msomaji

Mimi nina la macho. Shangazi yangu aliamka usiku jicho moja jekundu, kichwa kinagonga upande huo, anatapika, anasema taa zina duara za rangi. Kituoni walitibu tumbo na kichwa. Alipofika kwa daktari wa macho siku iliyofuata aliambiwa pembe ya jicho imefunga. Jicho hilo sasa linaona mwanga tu. Pembe gani hiyo iko ndani ya jicho?

Kiungo_Tiba

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa shangazi. Naomba wanaosoma wasome dalili hizo mara mbili: jicho jekundu linalouma, kuona ukungu au duara za rangi kuzunguka taa, kichefuchefu na kutapika. Ni dharura ya saa, si ya siku. Mtaalamu wa macho kama yupo humu aeleze vizuri zaidi.

Daktari_wa_Macho_M

Nipo. Ndani ya jicho kuna majimaji yanayotengenezwa wakati wote nyuma ya ile sehemu yenye rangi. Yanapita kwenye mboni, yanakuja mbele, kisha yanatoka kupitia kichujio kidogo kilichoko pale ambapo sehemu yenye rangi inakutana na konea, kioo cha mbele cha jicho. Makutano hayo ndiyo pembe. Ni kama karai chini ya bomba lisilofungwa: tundu likiziba, maji yatajaa tu. Presha ya kawaida ya jicho ni kama milimita 10 hadi 21 za zebaki. Pembe ikifunga ghafla inaweza kupita 50, na mshipa wa fahamu wa jicho hauvumilii.

Walio hatarini zaidi ni wenye macho mafupi, ambao kwa kawaida huhitaji miwani ya kuonea karibu na mbali mapema, wanawake kuliko wanaume, na umri ukipanda, kwa sababu lenzi ya jicho hunenepa na kuisogeza ile sehemu yenye rangi mbele. Giza hupanua mboni na kubana pembe, ndiyo sababu mashambulizi mengi ni jioni na usiku. Baadhi ya dawa za mafua na mzio hufanya vivyo hivyo.

Pembe tunaiona kwa lenzi maalumu yenye vioo tunayoigusisha jichoni baada ya kutia dawa ya ganzi. Haiumi. Tukiikuta nyembamba mno, tunatoboa kwa leza kitundu kidogo kwenye sehemu yenye rangi ili maji yapate njia ya pili. Ndugu msomaji, hili ni la muhimu kwenu: jicho la pili la shangazi lina umbile lile lile. Kama halijafanyiwa leza, nendeni wiki hii. Na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe.

Nisiwaache na picha ya upande mmoja. Ugonjwa huu unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho unaitwa glakoma. Iliyo nyingi zaidi duniani, na hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, ni ile ambayo pembe iko wazi kabisa. Kichujio ndicho kimechoka. Hiyo haiumi, haiwi nyekundu, inakula uoni wa pembeni miaka na miaka. Kwa hiyo kupimwa presha ya jicho peke yake hakutoshi, mwombe daktari atazame na mshipa wa nyuma.

Ndugu_Msomaji

Hakufanyiwa jicho la pili. Naongea na watoto wake leo leo.

MamaWaWawili

Daktari ubarikiwe. Kaka Kiungo_Tiba, kuna picha inasambaa kwamba ukiinamisha kichwa kwenye simu nyuzi 60 shingo inabeba kilo 27. Binti yangu yuko kwenye simu muda wote na huu mgongo wake. Ndiyo umempinda?

Kiungo_Tiba

Hapana dada, simu haikumpinda. Mpindo wa namna yake huanza kwenye ukuaji na kwa watoto wengi chanzo hakijulikani. Usimlaumu, na usijilaumu kwa mkoba wa shule pia.

Hizo kilo 27 zinatoka kwenye hesabu ya daktari mmoja wa New York aliyeichapisha 2014. Ni kielelezo cha kompyuta cha mzigo kwenye shingo, si kipimo cha maumivu ya watu. Kwamba mzigo unaongezeka kichwa kikiinama, ni kweli. Kwamba pembe hiyo peke yake inaharibu shingo, sikubaliani. Ninaowaona wakiumia ni wale wanaokaa kwenye pembe moja, yoyote ile, kwa muda mrefu bila kusogea. Hata aliyekaa wima kwa saa tatu analalamika. Mwambie abadilishe mkao mara kwa mara, acheze, akimbie.

Wenye watoto wachanga waliozaliwa wayo umepinda kwa ndani, kwenu nina neno moja zito. Njia ya daktari Ignacio Ponseti hunyoosha wayo kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, na kwa wengi kano ya kisigino hukatwa kidogo mwishoni. Kisha vinakuja viatu vyenye fimbo, wayo uliotibiwa ukielekezwa nje nyuzi 60 hadi 70, ule mzima 30 hadi 40. Wazazi wanaona pembe hiyo ni ya kutisha, wanaipunguza wenyewe au wanavua viatu kwa sababu wayo umeshapendeza. Hapo ndipo unaporudi. Saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi miaka minne au zaidi. Mkishindwa, rudini kliniki mseme mmeshindwa. Hakuna atakayewafukuza.

Mdadisi

La mwisho kwangu. Mdogo wangu ametolewa plasta ya kiwiko. Hakinyooki. Jirani anasema abebe ndoo ya maji ili kivutike.

Kiungo_Tiba

Asibebe. Kiwiko ni kiungo chenye hasira kuliko vyote: ukikivuta kwa nguvu kinavimba, na mfupa unaweza kuota ndani ya msuli, kikakwama moja kwa moja. Akinyooshe na kukikunja mwenyewe kwa nguvu za misuli yake, mpaka pale kinapovuta bila kuuma sana, mara nyingi kwa siku. Lengo la kwanza si kunyooka kabisa. Kazi nyingi za kila siku, kula, kuoga uso, kufunga vifungo, hufanyika kati ya nyuzi 30 na 130. Piga picha ya mkono wake kwa ubavu leo, akiwa amenyoosha mwisho wa uwezo wake, na nyingine akiwa amekunja. Rudia kila wiki kutoka upande ule ule. Kama wiki tatu zimepita na pembe haijasogea, au ganzi imeingia kwenye kidole cha mwisho, arudi hospitali na picha hizo mkononi.